Kitambaa Kilikuwa Kikavu

Saidi na Paulo,

Mwezi uliopita nilipowakabidhi funguo za gereji mlinisimamisha mlangoni mkasema, "Mzee, tuandikie ile kazi ya kuchonga silinda, maana haipo kwenye kitabu." Haya, nimeandika. Sitaeleza nililipwa nini wala nilipandaje, kwa sababu kwenye gereji ya nyuma ya reli, hapa Itigi, hakuna cha kupanda. Kuna anayeshika spana na anayemshikia taa, basi. Nitaeleza nilichokuwa nakiogopa. Watu wakiniona mzee mkimya mwenye masikio mabovu wanadhani nilikuwa fundi jasiri. Jasiri wapi! Kazi hii nimeifanya roho mkononi tangu siku ya pili mpaka siku niliyowapa funguo.

Nasema siku ya pili kwa sababu siku ya kwanza sikujua bado cha kuogopa. Nilikuwa nimetoka Sepuka, kwa wazazi wangu wakulima, nimekuja kukaa kwa dada yangu mkubwa, Agnes, aliyeolewa hapa Itigi na Gervas. Shemeji Gervas alikuwa mrefu, mcheshi, na mtu wa haraka. Hata ugali alikuwa anaula amesimama. Dada ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa Mzee Shabani, fundi mitambo wa reli aliyestaafu akafungua gereji yake nyuma ya stesheni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akasema, "Marahaba," halafu akaendelea na kazi yake mpaka nikadhani amenisahau. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimebaki nusu. Akachukua silinda kuukuu ya pikipiki akaniwekea mapajani.

"Fumba macho. Ingiza kidole. Kuna madirisha mangapi humo?"

Nikapapasa. "Mawili, mzee."

"Papasa tena."

Nilipapasa mpaka saa ya chakula. Dada alipoleta uji alinikuta nimefumba macho, kidole kimo ndani ya chuma, akacheka hadi akaweka chupa chini isimwagike. Yalikuwa manne. Mawili yalikuwa ubavuni, yamejibana kama watoto waliovunja chungu. Mzee Shabani hakucheka wala hakunisifu. Alisema tu kwamba nisichokijua kwa kidole nisikiguse kwa tupa, akarudi kwenye kazi yake.

Dada aliendelea kuniletea uji kila siku kwa miaka mitatu. Alikuwa anageuza ndoo, anaikalia, anangoja nimalize ili arudi na chupa yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi pale gerejini. Mlikumbuke hilo.

Siku ya pili Mzee alinieleza kinachotokea mle ndani, na hapo ndipo woga uliponiingia. Nyinyi mmekuta pikipiki za kisasa, kwa hiyo nieleze taratibu. Injini ya stroku mbili, ile unayoichanganyia oili kwenye petroli, haina vali. Ina madirisha ukutani mwa silinda: moja la kuingizia mafuta na hewa, mawili ya kupandishia kutoka chini, na moja kubwa la kutolea moshi. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikipanda inaziba, ikishuka inafungua. Sasa, ukilipandisha dirisha la moshi kwa juu, kwa unene wa ukucha tu, moshi unaanza kutoka mapema, na injini ikishakolea mbio inalia na kuruka. Lakini unachoiongezea mbioni unaipunguzia mlimani. Ukizidisha, haivuti mzigo na inachemka kama chungu cha makande.

Hayo ni madogo. Kubwa ni ringi. Ringi ni pete ya chuma iliyovishwa pistoni, na kazi yake ni kujitanua ibane ukuta. Kila inapopita dirishani inajitanua kidogo, inachungulia nje. Kama mdomo wa dirisha umeachwa mkali, kama tupa ilivyouacha, siku moja ringi itakwama pale na kukatika. Vipande vitaingia kati ya pistoni na ukuta. Injini itajifunga ghafla, na gurudumu la nyuma litajifunga nayo. Aliye juu ya pikipiki, kama yuko mbioni, hapewi nafasi ya kuuliza kulikoni. Mzee Shabani alinionyesha kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha boksi, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nilielewa vizuri mno. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kwa hiyo sikilizeni tulivyokuwa tunafanya. Kwanza unapaka masizi ya kibatari ukutani mwa silinda, unakunja karatasi, unaiingiza na kuibana kwa vidole. Ukiitoa, madirisha yote yamechorwa: ramani. Karatasi hiyo unaihifadhi na jina la mwenye pikipiki. Pili, unaziba njia za pembeni kwa nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haijawahi kuadimika, ili unga wa chuma usishuke humo. Ukimaliza unaiweka silinda kando ya jiko la mkaa, nta inayeyuka na kutoka na uchafu wake wote. Tatu ni tupa, ile ya nusu duara, meno madogo. Pole pole, kuelekea upande mmoja, hairudi.

Mwisho ni kitambaa. Mzee Shabani alikuwa na kitambaa cha nailoni cha kijani cha kichwani, cha marehemu mkewe, kinaning'inia kwenye msumari kando ya mlango. Ukishalainisha midomo ya madirisha kwa msasa, unakichovya kitambaa kwenye oili, unakiingiza kwenye silinda na kukivuta juu na chini, ukikizungusha. Nailoni haijui kumwonea mtu haya. Uzi mmoja ukinaswa, hujamaliza. Unarudi kwenye msasa. Siku ambayo hakinaswi popote, kazi imekwisha, unakirudisha kwenye msumari kikinuka oili. Jioni kinafuliwa kwa sabuni, asubuhi kikavu, tayari. Na sheria ya Mzee ilikuwa kwamba silinda iliyochongwa leo inalala gerejini, ili kesho yake ipapaswe tena na mtu ambaye hajachoka. Wateja waliichukia sheria hiyo kuliko kodi.

Zamani, enzi za foleni, wateja wenyewe walikuwa wa kuhesabu: padri, bwana shamba, mwalimu mkuu. Spea hakuna, na ringi ikikatika pikipiki inageuka kiota cha kuku. Halafu ikaja ruksa. Mipaka ikalegezwa, mitumba ya kila aina ikashuka kwenye treni, pikipiki zikiwemo, na Bwana Selemani akafungua duka la spea karibu na soko. Vitu vikajaa. Vingine vizuri, vingine ukivibana kwa meno vinapinda. Ndipo tulipojifunza neno feki, na tukalipenda, kwa sababu fundi akiharibu kitu sasa alikuwa na mahali pa kutupia lawama.

Asali nayo ikaingia kwenye ruksa. Asali na nta za Rungwa zilikuwa zinanunuliwa na ushirika, kwa mwendo wa ushirika, yaani wa kinyonga. Sasa ikawa anayefika kwanza ndiye anayenunua. Barabara ya Rungwa mnaijua: vichaka vya Itigi, halafu Mitundu, halafu misitu, mbung'o na mchanga, na kadiri unavyokaribia pori la akiba ndivyo tembo wanavyokuwa wenyeji na wewe mgeni. Wanunuzi walikuwa wanashindana kwenye njia hiyo kwa pikipiki, na wote walitaka silinda zilizochongwa. Shemeji Gervas alikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu nililipandisha dirisha kupita kiasi, kwa tamaa ya kusifiwa. Mwenyewe alirudi baada ya siku mbili akiisukuma. Alisema, "Fundi, kwenye tambarare inaruka kama swala, lakini kilimani mke wangu anaishinda kwa miguu." Tulicheka wote. Mzee Shabani peke yake hakucheka. Aliniambia nimshukuru Mungu kosa lile limeishia kwenye mzaha.

Mwaka wangu wa nne, Mzee alipata msiba Tabora akaondoka kwa treni. Akaniachia gereji. Asubuhi ya siku ya tatu Gervas akaja, pikipiki ameizima ipoe, anaisukuma huku anakimbia.

"Elia, shemeji yangu, nichongee sasa hivi. Wanunuzi wa Tabora wameonekana wanajaza mafuta. Wakinitangulia Rungwa msimu wangu umekwisha."

"Mzee hayupo. Na silinda lazima ilale."

"Ilale ina homa? Haya, ringi mpya hii hapa, nimetoka nayo kwa Selemani sasa hivi. Wewe si fundi? Au unashika taa tu?"

Hilo neno la taa lilinichoma. Nilifungua injini. Masizi nilipaka, nta niliweka, na kipimo changu kilikuwa sahihi, hilo nawaapia. Nilichonga vizuri. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, anagonga funguo kwenye tangi la mafuta, ko, ko, ko, anauliza bado? bado? Nikapitisha msasa haraka haraka. Nikafunga. Nikamwambia, "Ringi ni mpya, iache izoee. Usivute mafuta yote mpaka uvuke Mitundu." Akanipiga begani, akaruka juu, akapotea na vumbi lake. Ilikuwa yapata saa nne.

Nilikaa nikapumzika. Nikafagia unga wa chuma. Nikaondoka kwenda kunywa chai kwa Mama Jeni, jirani anayeuza maandazi ng'ambo ya njia. Nilipopita mlangoni bega langu likagusa kitambaa.

Hakikunipaka oili.

Nilisimama. Nikakishika kwa mkono mzima. Kilikuwa kikavu, kinanuka sabuni ya jana. Nikajaribu kujidanganya, labda nilikipitisha, labda kimekauka. Oili haikauki. Nikakumbuka lile dirisha la moshi, mdomo wake wa juu, nikaona mkono wangu ukipita na msasa mara mbili, tatu, kama mtu anayefuta meza. Nikasema kwa sauti, "Nimemuua Gervas."

Mama Jeni aliniona nimeduwaa akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Fundi, vipi, dada yako amekuaga? Nimemwona amepanda nyuma ya mumewe, kajifunga kitenge kizuri kweli! Anakwenda kuwaona wakwe Rungwa."

Dada Agnes. Gervas hakuniambia. Alikuwa amempitia nyumbani. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilikuwa nimelichuma na kuwapelekea wa kwangu, mwenyewe nimebaki kwenye chai.

Mitundu wakati huo hakukuwa na simu ya kupiga. Gerejini palikuwa na pikipiki moja tu yenye injini nzima, ya mwalimu mkuu, imeletwa kubadilishwa breki. Breki ya nyuma ilikuwa mezani, ya mbele ilishakufa. Niliipanda hivyohivyo, bila ruhusa ya mwalimu na bila breki, nikaelekea njia ya Rungwa.

Silinda ya mwalimu haikuwahi kuchongwa. Ilikuwa inakwenda kwa adabu, kama mwenyewe. Nilikuwa naifukuza kazi ya mikono yangu, na kazi ya mikono yangu ilikuwa na mbio kunizidi. Tumaini langu lilikuwa moja: nilimwambia asivute mafuta mpaka Mitundu. Kama amenisikiliza, atakwenda taratibu, nami nitamkuta. Lakini tangu lini Gervas akasikiliza? Nilikuwa naomba njia nzima. Mara naomba awe mtiifu, mara naomba pancha, mara naomba mvua, na ilikuwa kiangazi. Kila kona niliogopa kuingia, nisije nikaona kitenge barabarani. Kila nilipoona kitu cheusi mbele moyo ulinipasuka, paa! Mara ni kisiki, mara ni mbuzi.

Mitundu nilifika midomo imekauka kwa vumbi. Mama mmoja wa mgahawa aliwafahamu.

"Walikunywa chai hapa. Yule mama alitaka wapumzike, mwanamume akasema injini imeshazoea, sasa ni kuipa. Wameondoka muda kidogo."

"Muda gani, mama?"

"Ah, chai yao hata vikombe sijaosha."

Nilishika njia tena. Baada ya Mitundu msitu unafunga na nyumba zinakwisha. Mbung'o walinishambulia shingoni na sikuwa na mkono wa kuwafukuzia. Nikapita kinyesi cha tembo katikati ya njia, bado kibichi. Nilitamani nigeuze. Nawaambia ukweli wote leo: nilipunguza mwendo na nikatafuta mahali pa kugeuzia. Niliwaza, nikirudi, hakuna atakayejua. Watasema barabara mbaya. Watasema Gervas na haraka zake. Kilichonizuia si ushujaa. Niliogopa zaidi kukaa mezani jioni nikingoja habari.

Kisha nikaiona alama. Mstari mmoja mweusi kwenye udongo mgumu, umenyooka, halafu umeanza kuyumba kama nyoka, halafu hakuna. Pembeni, dumu la asali, tupu, limelala. Kipande cha kioo. Na chini ya mteremko, kwenye majani, pikipiki ubavuni, gurudumu la mbele limepinda.

Watu hawakuwepo.

Nilizima injini. Kimya kile sijakisahau. Nilishuka mteremko, nikaona kiatu cha dada, kimoja, cheupe. Nikakiokota. Nikaita, "Dada! Dada Agnes!" Msitu ukanyamaza. Nikaita kwa Kinyaturu, kama tulivyokuwa tunaitana utotoni tukichunga mbuzi. Nililia, sioni haya kuwaambia, nimesimama na kiatu mkononi nikilia kama mtoto.

Sauti ya dada ikajibu kutoka mbali, kwa Kinyaturu, ikauliza nani anafanya fujo.

Kulikuwa na moshi kwa ndani. Warina asali walikuwa wamepiga kambi chini ya miombo, hatua kama mia mbili kutoka njiani, na ndio walioisikia ajali wakaja kuwabeba. Dada alikuwa amekaa kwenye gogo, mkono umechubuka kuanzia kiwiko, uso umejaa vumbi. Gervas amelazwa, bega limeteguka, analaani kwa nguvu, na kwa kulaani kwake nikajua atapona. Dada aliponiona akasimama.

"Elia? Umejuaje?"

Niliinama kumvalisha kiatu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka akanishika kichwani akasema basi, basi, tuko hai.

Mmoja wa warina asali, mzee mwenye ndevu nyeupe, akatingisha kichwa, akasema, "Damu imemwita. Damu ya ndugu haina umbali." Wote wakaitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa kimya, damu ikabaki ndiyo iliyoniita.

Gervas akataka kujua pikipiki imepatwa na nini. Nilirudi kwenye pikipiki na spana, dada akanifuata, akasimama karibu yangu kama zamani. Nilifungua kichwa cha silinda huku spana ikinigongagonga kwenye boliti, nikaivuta silinda. Ringi ilikuwa vipande vitatu. Mdomo wa juu wa dirisha la moshi ulikuwa umemegeka palepale nilipopaona kwenye fikra nimesimama mlangoni. Nikarudi kwa Gervas na vipande kiganjani, akauliza, "Ni nini, shemeji?" Nikafungua kinywa. Nikasema:

"Ringi feki."

Neno dogo hilo. Lilikuwa linapatikana bure siku zile. Ringi ya Bwana Selemani ilikuwa nzima, nzuri, nilishaishika na nikaijua. Gervas alipopona hakuingia tena dukani kwake, na kwa mdomo aliokuwa nao, wenzake nao hawakuingia. Bwana Selemani alikuja gerejini mara moja akaniuliza kwa upole, "Fundi, hivi kweli ile ringi ilikuwa mbaya?" Nikaangalia chini, nikasema siku hizi huwezi kujua. Baada ya miezi alifunga akahamia Manyoni. Sikumfuata. Alifariki huko kabla sijapata moyo, na hilo nitalijibu mbele ya Mungu peke yangu, hakuna wa kunishikia taa.

Mzee Shabani aliporudi kutoka msibani alikuta silinda iliyomegeka kwenye benchi. Alifumba macho, akaingiza kidole kizima kimojawapo, akapapasa mdomo wa dirisha upande ambao haukumegeka. Halafu akakitazama kitambaa.

"Ringi feki, mzee," nikasema. Nilikuwa nimeshazoea.

"Feki si ringi," akasema. Akanipa ile silinda kuukuu ya siku ya kwanza. "Kaa pale. Hesabu madirisha."

Nilihesabu mwezi mzima. Hakunigusisha tupa. Hakumwambia mtu yeyote, na mpaka anaingia kaburini hakulitaja tena. Lakini kila silinda niliyochonga tangu siku hiyo nimeichonga nikiona mstari ule mweusi unaoyumba. Nilikuwa nalala usingizi wa kuku. Mlikuwa mnanicheka nikiwatoroka kwenda kusimama njiani jioni kama ninayengoja mgeni. Nilikuwa naangalia kama wote wamerudi.

Dada alipona mkono. Wiki chache baadaye alikuja gerejini na uji kama zamani, akageuza ndoo, akakaa. Akatoa kwenye pindo la kitenge kitambaa cha nailoni, chekundu, kipya. Akasema, "Shika. Kile cha Mzee kimechoka." Nikashukuru. Nilidhani ni zawadi ya kuokolewa.

Kwa miaka yote hiyo, kwenye kila harusi na kila msiba, dada amekuwa akisimulia jinsi damu ilivyomwita mdogo wake akaja mbio bila breki mpaka porini. Watu wanasisimka, wananipa kiti cha mbele. Mimi nakikalia kama nimekalia misumari. Gervas mwenyewe alikuwa anaisimulia vizuri kuliko wote, akionyesha kwa mikono, mpaka maradhi yalipomchukua.

Siku ile mliponiomba niandike, nilijua siwezi kuwaandikia kuhusu kitambaa nikawaficha hili, na siwezi kuwaambia nyinyi kabla ya yeye. Nikaenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta alizeti. Nilikaa chini, mzee mzima, nikamweleza: kitambaa, msasa, ringi, Bwana Selemani, yote. Niliogopa kwamba nikimaliza sitakuwa na dada.

Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akauweka ungo chini.

"Elia mdogo wangu, miaka mitatu nimekaa kwenye ile ndoo. Ulidhani nilikuwa naangalia uji?"

Sikumwelewa.

"Ulinivalisha kiatu unatetemeka, nikasema ni huruma. Lakini ulipokwenda kufungua injini ulitetemeka zaidi, na ulikuwa hujaona kitu. Asiyejua kilicho ndani hatetemeki kabla ya kufungua. Nikajua kitambaa hukukipitisha."

"Tangu siku ile? Na hiyo hadithi ya damu?"

"Gervas unamjua. Angekuvunja mikono, halafu ningekuwa na mume gani na mdogo gani? Nikaona niipigie debe damu, mpaka naye aamini." Akachukua punje moja ya alizeti, akaimenya kwa meno. "Bwana Selemani ndiye aliyetulipia wote. Huyo hata mimi namwogopa."

"Ungeniambia mimi, dada. Mimi tu."

"Nilikuambia. Nilikuletea kitambaa."

Basi, Saidi na Paulo, kile chekundu kiko kwenye msumari kando ya mlango. Kimefifia, lakini hakijatoboka. Kila jioni ya siku ya kuchonga, kabla hamjakifua, kishikeni kwa mkono mzima. Kikiwapaka oili, fungeni mlango mkalale. Kikiwa kikavu na pikipiki imeshatoka, msinywe chai. Kimbieni, mkiifikia mseme ukweli palepale, mbele ya wote, na kama hamna breki kimbieni hivyohivyo.